Je, dawa ya LMC inaua askari wa mwili? Jibu kwa mama wa Katuba

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi:

«Jambo, Munganga. Bwana yangu ana miaka 49. Mwaka jana walimkuta na kansa ya damu ile inayoitwa LMC. Anakunywa imatinibu, komprime moja ya miligramu 400 kila siku, sasa ni mwezi wa kumi tangu aanze. Wengu limepungua, nguvu zimerudi. Lakini tangu mvua zianze anakohoa kila mara, malaria imemshika mara mbili, na ngozi ya uso inazidi kuwa nyeupe. Wakubwa wa familia wanasema dawa inaua askari wa mwili, aipumzishe mpaka mvua ziishe. Munganga wake naye anasema kipimo kijacho kisipokuwa kizuri atambadilishia, ampe dasatinibu. Hiyo si itamaliza kinga kabisa? Tena tuna harusi ya mdogo wake kule Ndola, Zambia, na mpakani wanaomba karte ya homa ya manjano. Achanjwe au hapana?»

Mama, kabla ya yote: asiipumzishe, hata kwa wiki moja. Wakubwa wa familia wamesema kwa upendo, na hofu yao ina chembe ya ukweli nitakayoieleza hapa chini. Lakini ushauri wenyewe unaweza kumrudisha alikotoka.

Tuanze na ugonjwa, maana kinga ya bwana yako iliharibika siku nyingi kabla hajameza komprime ya kwanza. Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu moja fupi isiyo ya kawaida ndani ya seli za wagonjwa wa LMC. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha ilikotoka: kipande cha kromosomu ya 9 na kipande cha kromosomu ya 22 vimebadilishana nafasi. Pale vinapoungana huzaliwa kimeng'enya kinachoitwa BCR-ABL. Vimeng'enya vya jamii hiyo, yaani kinasi, kazi yao ni kupitisha amri ndani ya seli: gawanyika, tembea, kaa, kufa. Hiki cha LMC kinatoa amri ya kugawanyika usiku na mchana bila kupumzika.

Ndiyo maana mtu mwenye LMC anaweza kufika hospitali akiwa na chembe nyeupe 200 000 kwa kila mikrolita ya damu, wakati kawaida ni kati ya 4 000 na 10 000 hivi. Ukihesabu tu, utasema huyu ana askari wengi kuliko sisi sote. Sivyo. Nyingi ya chembe hizo zimetoka kwenye ukoo mmoja wa seli wagonjwa, nyingine hata hazijakomaa. Na zile seli za kinga ambazo hazimo kwenye ukoo huo zimedhoofika: seli za NK, ambazo kazi yake ni kuua seli zilizoharibika, huwa chache na goigoi wakati ugonjwa unagunduliwa, na nyingi ya seli T, askari wanaomtambua adui, zinaonyesha dalili za uchovu. Watafiti waliofuatilia wagonjwa kwa miezi na miaka wakiwa kwenye dawa wamekuta kazi ya seli hizo inarudi polepole kadiri BCR-ABL inavyoshuka. Kwa hiyo ukipima faida na hasara kwa jumla, imatinibu inarudisha kinga kuliko inavyoipunguza. Wanaomshauri aiache ili kinga ipate nafuu wanairudisha ile hali iliyoiharibu.

Sasa ile chembe ya ukweli. Imatinibu inaingia kwenye kijishimo cha ABL, ile sehemu ya BCR-ABL inayotoa amri, ambamo kimeng'enya hupata nishati yake, inakaa humo, na amri inakatika. Vizuri. Lakini mwili una kinasi nyingi zinazofanana umbo, na imatinibu inagusa chache zaidi ya ile tunayoitaka. Inagusa KIT. Inagusa kipokezi cha PDGF. Inagusa kipokezi cha CSF1, ambacho makrofaji, zile seli zinazomeza vijidudu na takataka, hukitegemea ili kukua. Na kwa kiasi kidogo inagusa LCK, kinasi ambayo seli T huitumia dakika za kwanza kabisa inapomtambua adui.

Hapo kwenye KIT ndipo ngozi ya bwana yako inapopatia jibu. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zinahitaji KIT. Ikizuiwa, rangi inapungua, na kwenye ngozi nyeusi kama zetu jambo hilo linaonekana upesi. Nimewaona wagonjwa wakisemwa mtaani kwamba wanapaka mekako, krimu ya kujichubua, au mbaya zaidi, kwamba ni SIDA (UKIMWI) imewashika. Wengine wameacha dawa kwa sababu ya maneno hayo tu. Tafadhali waeleze watu wa nyumbani: kupauka huko hakuna uhusiano na kupungua kwa kinga, ni dawa kuigusa seli ya rangi. Avae kofia kwenye jua. Vilevile kope kuvimba asubuhi ni jambo la kawaida kwa wanaokunywa imatinibu. Amwambie munganga wake, lakini asitishike.

Je, seli T? Ukizimwagia imatinibu kwenye chupa ya labo, zinagawanyika kidogo kuliko kawaida. Ukiiondoa dawa, zinaendelea na kazi. Hazijafa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi hapa wamemwona jamaa yao akipewa kemoterapi ya kawaida, nywele zikadondoka, chembe nyeupe zikaanguka hadi karibu na sifuri, na wanadhani kila dawa ya kansa iko hivyo. Kemoterapi ya namna ile inaua seli yoyote inayogawanyika haraka. Dawa zinazolenga, kama imatinibu, zinazuia amri fulani ndani ya seli; seli ya LMC inayoitegemea amri hiyo ili kuishi inakufa, na seli ya kinga inayoitumia mara mojamoja inatulia kwa muda.

Upande wa seli B, zinazotengeneza kingamwili, hasara ni ya wazi kidogo zaidi. Baadhi ya wanaokunywa dawa hizi kwa muda mrefu wana kingamwili chache kuliko kawaida, na wakichanjwa chanjo ya nimonia mwitikio wao huwa dhaifu kuliko wa watu wazima wenye afya. Dhaifu, si sifuri. Kama vikohozi vya bwana yako ni vya kujirudia na makohozi yanabadilika rangi, ni halali kabisa kumwomba munganga apime kiwango cha kingamwili kwenye damu.

Kuna jambo la miezi ya mwanzo pia. Wiki za kwanza za imatinibu chembe nyeupe na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinaweza kushuka sana, kwa sababu karibu damu yote ilikuwa inatengenezwa na ule ukoo mgonjwa, na ukoo mzuri uliosukumwa pembeni bado haujasimama. Ndiyo maana karatasi ya NFS, yaani hesabu ya chembe za damu, inaombwa mara kwa mara wakati huo. Nyutrofili, aina moja ya chembe nyeupe, zikishuka chini ya 1 000 kwa mikrolita, au chembe sahani chini ya 50 000, munganga husimamisha dawa mpaka zipande, nyutrofili 1 500 na sahani 75 000, kisha anairudisha. Huko ndiko kupumzisha dawa kwa halali, kwa karatasi ya labo mkononi. Msimu wa mvua si kigezo. Mwezi wa kumi bwana yako kwa kawaida ameshavuka hatari hiyo, lakini NFS ya sasa ndiyo itakayosema.

Na malaria mara mbili kati ya Novemba na sasa? Mama, katika mitaa yetu watu wasio na LMC wanaumwa hivyohivyo. Chandarua kwanza. Matibabu ya kawaida ya artemeta na lumefantrini anaweza kuyapata, ila anayemwandikia ajue kwamba yuko kwenye imatinibu, kwa sababu zote zinapita kwenye vimeng'enya vilevile vya ini. Kwa mtu anayekunywa nilotinibu, dada yake imatinibu, nisingekubali aanze kwinini au lumefantrini bila kwanza kupimwa mapigo ya moyo kwa mashine. Na homa ikipita digrii 38, aende siku hiyohiyo. Kipimo cha malaria kikiwa chanya, bado waangalie na NFS.

Sasa dasatinibu, na hapa nitakaa kidogo.

Dasatinibu inaikamata ABL kwa nguvu zaidi, na inashika pia familia nzima ya kinasi za SRC, LCK ikiwamo, na hata BTK ya seli B. Ukitazama orodha hiyo peke yake utaamini kwamba mgonjwa atabaki bila kinga. Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba dasatinibu inaweza kuzisimamisha seli T zilizotengenezwa labo kupigana na kansa, ndani ya saa chache. Dawa ilipotoka, seli ziliamka na kuua tena kama mwanzo. Inanyamazisha kweli. Ila haikai mwilini: nusu yake inatoka kwenye damu ndani ya saa 3 hadi 5, na mgonjwa anakunywa mara moja kwa siku. Kwa hiyo seli T zinapata saa za kutulia na saa za kufanya kazi, kila siku.

Jambo la kushangaza ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa kinga inapanda. Saa moja au mbili baada ya kumeza, limfositi, aina nyingine ya chembe nyeupe, zinaongezeka kwenye damu. Na kwa wengine, baada ya miezi, linatokea kundi kubwa la limfositi zenye chembechembe ndani, za aina ya seli T na NK, ambazo zinajua kuua. Mara nyingi wagonjwa hao wanaitikia dawa vizuri zaidi. Mara nyingi pia walikuwa na virusi vya CMV vilivyolala mwilini, vikaamka kidogo. Naliandika hili kwa ajili ya wenzangu wa labo pia: mkiona limfositi zimepanda kwenye NFS ya mtu wa dasatinibu, msimwambie mgonjwa kwamba kansa imerudi. Ulizeni kwanza anakunywa nini.

Lakini kundi hilohilo la limfositi linaandamana na tatizo moja, maji kujaa kwenye utando wa mapafu. Mgonjwa anakohoa, anakosa pumzi akipanda ngazi. Akifika hospitali hapa kwetu, kila mtu atafikiria kifua kikuu, na kufikiria hivyo ni sawa. Wakivuta yale maji wakayapima, watakuta limfositi zimejaa, kama tu kwenye kifua kikuu cha utando wa mapafu. Ikiwa hakuna aliyesema «huyu anakunywa dasatinibu», ataanzishiwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Na rifampisini inaamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine: kiasi cha dasatinibu kwenye damu kinaanguka kwa asilimia 82, cha imatinibu kwa asilimia 74. Mtu anaendelea kumeza komprime zake kila siku kwa uaminifu, na kwenye damu karibu hakuna dawa. Ugonjwa unarudi. Kisha watu watasema dawa ilishindwa.

Kwa hiyo kikohozi cha bwana yako, hata leo akiwa bado kwenye imatinibu, kipimwe ipasavyo: picha ya kifua, na makohozi yapimwe kwenye mashine ya GeneXpert. Kama ni kifua kikuu kweli, atibiwe bila kuchelewa, maana nacho kinaua. Ila munganga wa kifua kikuu na munganga wa damu wazungumze siku hiyo kuhusu kipimo cha dawa, kabla rifampisini haijaanza. Na tangu leo atembee na karatasi ndani ya pochi: jina la ugonjwa, jina la dawa, miligramu, namba ya simu ya munganga wake. Dawa za majani nazo zitajwe, kwa sababu ini halichagui kati ya dawa ya duka na mizizi ya sokoni.

Kitu kingine ambacho familia nyingi hazikuulizwa ni homa ya ini aina B. Mwaka 2016 shirika la dawa la Ulaya lilitoa onyo: dawa zote za jamii ya imatinibu na dasatinibu zinaweza kuamsha virusi hivyo kwa mtu aliyevibeba bila kujua, na wengine waliharibika ini vibaya. Virusi hivyo viko kwa watu wengi hapa Kongo. Kipimo kinaitwa HBsAg, ni tone la damu na dakika chache. Kama bwana yako hakupimwa kabla ya kuanza, apimwe sasa, na hasa kabla ya kubadilishiwa. Akikutwa navyo, haachi dawa ya LMC. Anaongezewa ya kukinga ini na kufuatiliwa.

Wasomaji wenye aina nyingine ya kansa ya damu, LLC, wasichukue maneno haya kama yao. Ibrutinibu wanayopewa inazuia BTK, kinasi ambayo seli B haziwezi kuishi vizuri bila hiyo. Ogden Bruton alieleza mwaka 1952 habari ya mtoto wa kiume asiye na kingamwili, na baadaye sana ndipo ilipojulikana kwamba watoto wa namna hiyo hawana kimeng'enya hicho. Huko hatari ya maambukizi ni kubwa zaidi, hata ya kuvu kwenye mapafu na ubongo, hasa mtu akiwa pia kwenye dawa za kortizoni.

Nirudi kwenye kubadilishwa. Malengo ya kiasi cha BCR-ABL kwenye damu ni haya: asilimia 10 au chini kwenye mwezi wa 3, asilimia 1 au chini mwezi wa 6, asilimia 0,1 au chini mwezi wa 12. Kuna kifaa cha kipimo hicho kinachoingia kwenye mashine ileile ya GeneXpert ya kifua kikuu, kwa hiyo ulizeni kabla ya kudhani lazima sampuli ivuke nchi. Lakini kabla ya kuilaumu imatinibu, mjibu pamoja, wewe na yeye, bila kuoneana haya: ameruka siku ngapi? Katika utafiti uliofanyika London na kutangazwa mwaka 2010, wagonjwa walipewa chupa zenye kifuniko kinachorekodi kila ikifunguliwa. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, karibu wote walifikia mwitikio mzuri ndani ya miaka 6. Waliomeza asilimia 90 au chini, ni kama 28 tu kwa kila 100. Asilimia 90 maana yake ni kuruka siku 3 kwa mwezi. Kama anairuka kwa sababu ya kichefuchefu, aimeze katikati ya bukari na sombe, na maji glasi kubwa, asiinywe tumboni mtupu. Kama ni kwa sababu ya pesa au dawa kukosekana, mwambieni munganga waziwazi; dasatinibu haitatatua hilo.

Kuna wanaoacha dawa na ugonjwa usirudi, ni kweli, na pengine habari hiyo imewafikia wakubwa wa familia. Wafaransa walijaribu kwa utaratibu: wagonjwa 100 ambao BCR-ABL ilikuwa haionekani kabisa kwa angalau miaka 2 walisimamisha imatinibu, na matokeo yalitangazwa 2010. Baada ya mwaka mmoja, kama 40 hivi kati ya 100 walikuwa bado salama. Wengine ugonjwa ulirudi, wengi ndani ya miezi 6, wakarudishiwa dawa na wakatulia tena kwa sababu walikuwa wanapimwa kila mwezi. Waliofaulu walielekea kuwa na seli za NK nyingi zaidi, yaani kinga yenyewe ndiyo iliyolinda mabaki. Bwana yako kwenye mwezi wa kumi hajafika huko. Inachukua miaka. Lakini inawezekana, na njia ya kufika ni komprime ya kila siku. Wale wa kwanza kabisa waliopewa imatinibu katika jaribio kubwa la kimataifa, asilimia 83 walikuwa hai baada ya miaka 10.

Mwisho, Ndola. Chanjo ya homa ya manjano ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, sawa na ya surua na ile ya polio ya matone. Kwa mtu aliye kwenye dawa hizi, na hasa ambaye bado hajafikia malengo, sishauri achanjwe kwa ajili ya harusi. Tafuteni kwanza karte yake ya zamani. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, chanjo moja ya homa ya manjano inatosha maisha yote, hata kama kwenye karte wameandika miaka 10. Kama hakuwahi kuchanjwa, munganga anaweza kumwandikia cheti rasmi kwamba hawezi kuchanjwa kwa sababu za kiafya, kipigwe muhuri, akionyeshe mpakani Kasumbalesa. Huko Ndola ajilinde na mbu mchana pia, maana mbu wa homa ya manjano anauma mchana. Chanjo zisizo hai, kama pepopunda, nimonia, mafua ya sindano, homa ya ini B na kipindupindu ya kunywa, anaweza kuzipata, na ningependa apate ya nimonia mapema.

Komprime asiziweke kwenye begi la chini ya basi, akae nazo mkononi, na achukue za siku za harusi pamoja na za wiki mbili za ziada. Agosti 2024 Zambia iliufunga mpaka huo kwa siku chache, na waliokuwa upande wa pili walibaki huko.